Muhuri wa Dozi ya Pili

Kwenye kliniki ya wasafiri walimwita Sista Kichupa, kwa sababu hakuna aliyetoka chumbani mwake bila kunywa kichupa chake cha chanjo mpaka tone la mwisho, mbele ya macho yake. Ukimwambia una kichefuchefu, atakungoja. Ukimwambia una haraka, atakuonyesha kiti. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye chumba kilekile chenye friji ya chanjo, meza ya bati, sinki la kunawia, na bango la kunawa mikono ambalo jua lilikuwa limelila rangi mpaka mikono yenyewe ikabaki vivuli. Asubuhi alisoma kipimajoto cha friji kabla hajatua mkoba, na jioni akakisoma tena kabla ya kufunga mlango.

"Chanjo ni mwavuli, si nyumba," aliwaambia wasafiri waliojipanga kwenye benchi. "Mvua ikizidi utalowa tu. Kwa hiyo maji yachemke, chakula kiwe cha moto, tunda ulimenye mwenyewe kwa mkono uliouosha kwa sabuni. Na ukianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usikae kuuliza majirani. Nenda kituo cha afya, na njiani uwe unakunywa maji ya chumvi ya pakiti."

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, kitinda mimba wa kwao, dereva wa malori ya masafa marefu. Mama yao alipofariki, huyu alikuwa na miaka sita, na dada mtu ndiye aliyemwogesha, aliyemfunga kamba za viatu, aliyeitwa shuleni kila alipovunja dirisha. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, lakini mbele ya dada yake bado alisimama kama anayesubiri kukaguliwa masikio. Ndiyo maana alipoingia Alhamisi moja mchana, wafanyakazi wengine wamekwenda kula, kofia ameishika mkononi na uso umejaa tabasamu la kuomba, dada alijua kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

"Sijaharibu kitu. Mpakani siku hizi hawapitishi dereva asiye na kitabu cha njano chenye chanjo ya kipindupindu. Bosi ametuambia leo hii. Na sisi tunatoka saa kumi."

"Dozi ni mbili, na katikati ni wiki mbili. Unatoka vipi saa kumi?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mtu baki."

Akatoa vitabu viwili mfukoni, akaviweka juu ya meza ya bati. Kimoja chake. Cha pili kilikuwa cha dereva mwenzake, mzee mmoja ambaye kila mtu kwenye kampuni alimwita Mzee Gia. Wawili hao walisafiri pamoja siku zote, kila mmoja na lori lake, mzee mbele na kijana nyuma.

"Huyu naye yuko wapi?"

"Anafunga turubai. Anasema tumbo lake limeshakunywa maji ya kila mto wa barabara hii, vijidudu ndivyo vinavyomwogopa yeye."

Sista hakucheka. Alivisukuma vile vitabu vikarudi ukingoni mwa meza. Mdogo wake akavirudisha. Akaeleza kwamba mke wake ana mimba ya miezi saba, kwamba asipotoka leo lori atapewa mwingine, kwamba akirudi tu atakuja kunywa dozi ya pili na Mzee Gia atamleta mwenyewe kwa kumvuta sikio. "Mara moja tu, dada. Nimewahi kukuomba jambo kama hili?"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sista aliijua methali hiyo tangu utotoni, na bado alifungua friji. Alimnywesha mdogo wake kichupa cha kwanza, akamsimamia mpaka akameza. Kisha akachukua kalamu, akaandika dozi ya kwanza kwa tarehe ya wiki mbili nyuma na dozi ya pili kwa tarehe ya siku ile. Kwenye kitabu cha Mzee Gia, ambaye hakuonja hata tone, aliandika vilevile. Akapiga muhuri mara nne. Mdogo wake akamkumbatia, akatoka mbio, na Sista akabaki ananawa mikono kwenye sinki muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa hakuweza kula. Jumamosi redio ilitangaza kwamba kipindupindu kimevuka mpaka, kimeingia kwenye maegesho ya malori upande wa huku, wagonjwa arobaini. Jumapili walikuwa tisini. Alimpigia mdogo wake, wakaongea vizuri, kijana akamwambia wamekwama kwenye maegesho hayohayo kwa sababu foleni haiendi. "Usijali, dada, tuko salama."

"Maji mnakunywa ya wapi?"

"Kuna tangi hapa, watu wote wanachota."

"Usiyanywe. Yachemshe. Una jiko kwenye gari."

"Sawa, dada." Ilikuwa ile sawa ya kumalizia maneno. Aliijua tangu mdogo wake ana miaka sita.

Jumatatu simu haikupatikana kutwa nzima. Sista aliwahudumia watu huku masikio yakiwa mfukoni mwa koti, kwenye simu. Mama mmoja akamuuliza swali lilelile mara tatu, naye mara zote tatu hakusikia. Alikuwa anaona maji ya tangi lile, yanavyometameta kwenye kopo.

Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa katikati ya maelezo, simu ikalia. Namba ya mdogo wake. Aliipokea papo hapo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wasafiri. Sauti haikuwa ya mdogo wake.

"Sista, mimi Mzee Gia. Usishtuke, mwanangu."

Mtu akikuambia usishtuke, moyo unatangulia. Alijishika kwenye ukingo wa meza.

"Kijana ameanza kuharisha jana jioni. Leo hasimami. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati ya hapa maegesho, lakini wamemweka benchi la nje."

"Benchi? Kwa nini?"

"Tabibu ameangalia kitabu. Anasema huyu amemaliza chanjo, hiki si kipindupindu, amekula kitu kibovu. Amempa vidonge vya kufunga tumbo. Sista, macho yameingia ndani. Sauti imekauka, namsikia kwa shida."

"Mpe simu huyo tabibu."

Zikasikika hatua, mlango, watu wakilia na kutapika kwa pamoja. Kisha sauti ya mwanamume aliyechoka.

"Sema haraka, dada yangu. Hapa tumezidiwa."

"Huyo mgonjwa wa benchi ana kipindupindu. Mtundikie dripu sasa hivi. Hata aliyechanjwa anaweza kuugua."

"Naelewa. Lakini nina vitanda sita na wagonjwa ishirini, na dripu zimebaki chache mpaka gari la wilaya lifike. Wenye vitabu vilivyokamilika wanasubiri, wasio na kinga wanatangulia. Cha kwake kimekamilika, muhuri safi kabisa."

Sista akainua macho. Benchini walikaa wasafiri tisa, wote wanamtazama. Mlangoni alikuwa amesimama daktari mkuu wa kliniki, aliyekuja kutafuta faili. Kulikuwa na nafasi ya kutoka nje, kufunga mlango, kunong'ona kwenye korido. Ingechukua nusu dakika. Aliwaza benchi lile la nje, akaona nusu dakika ni nyingi.

"Kitabu hicho ni cha uongo," akasema. "Muhuri nimeupiga mimi. Mimi ndiye muuguzi mwenye sahihi hiyo. Amekunywa dozi moja tu, Alhamisi iliyopita. Hana kinga ya kutegemea. Mtangulize."

Benchini wasafiri wakageukiana.

"Sista," tabibu akasema polepole, "unajua ulichofanya?"

"Najua. Mtundikie dripu."

Akamsikia yule mtu akiita wenzake, akataja benchi, akataja machela. Kisha simu ikarudi kwa Mzee Gia, anayehema.

"Wamembeba. Umewaambia nini?"

"Mzee wangu, sikiliza. Wewe umemshika. Umemsafisha?"

"Nani mwingine angemsafisha? Tangu jana."

"Ulinawa?"

"Nilijipangusa na kitambaa."

"Ukala chochote?"

"Mkate kidogo." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana ana hofu. "Kwani mimi si nina muhuri wako?"

"Muhuri ni wino tu, mzee. Hukunywa kitu. Waombe maji ya klorini, unawe mpaka kwenye viwiko. Nguo ulizovaa zilowekwe. Kaa hapohapo zahanati, usiende popote, na tumbo likikata tu, sema. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu," akasema, na salio likaisha, simu ikakatika.

Daktari mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile yalipungua zaidi. Alimwita muuguzi mwingine aendelee na wasafiri. Alinyoosha mkono, na Sista akamkabidhi muhuri na ufunguo wa friji. "Mambo yako tutayazungumza ukirudi," akasema. "Ni wangapi?"

"Wawili. Yeye na huyo mzee."

"Apa."

"Wawili, daktari."

Daktari alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na boksi: pakiti za chumvi, chupa nane za dripu, sindano, klorini. Akaliweka miguuni pake. "Basi la kwenda huko linatoka saa tano. Kule wanahitaji mikono."

Njia nzima, saa tano za safari, Sista alilipakata boksi lile magotini. Abiria wa pembeni alimkaribisha maji ya chupa, akakataa. Alikuwa anajaribu kukumbuka uso wa mdogo wake na kila mara ulimjia wa mtoto wa miaka sita.

Alipofika jioni jua likiwa bado lipo, gari la wilaya lilikuwa limeshafika na mahema mawili meupe yamesimamishwa kando ya zahanati. Mlangoni kulikuwa na beseni la klorini la kukanyagia. Ndani, vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Huo ukimya ndio uliomkata maini, watu thelathini wamelala na hakuna mwenye nguvu ya kulalamika.

Alimpita mdogo wake mara mbili bila kumtambua. Mashavu yalikuwa yamebonyea, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa. Dripu mbili zilikuwa zikimwingia, mkono huu na huu. Akapiga magoti. Akaivuta ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, akaiachia, akahesabu. Ilirudi, polepole, lakini ilirudi.

"Dada," kijana akasema. "Niliyanywa yale maji."

"Najua. Nyamaza, kunywa haya." Akamnywesha maji ya chumvi kijiko kwa kijiko. Baada ya muda akauliza, "Mzee Gia yuko hema gani?"

"Hayupo. Bosi alimpigia mchana, akamwambia foleni imeanza kutembea, mzigo uende. Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Mizani, lori lipimwe uzito. Halafu mpakani."

Sista alichukua namba ya mzee kwa mdogo wake, akatoka nje na simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, haikupokewa. Bwana afya wa pale, kijana mpole mwenye pikipiki ya serikali, alimwambia barabara ya mizani imefungwa jioni ile, polisi hawaruhusu mtu mpaka asubuhi. Kukicha tu watakwenda.

Walitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sista amekaa nyuma ya pikipiki, mfuko wa dripu umefungwa kifuani kwa khanga kama mtoto. Foleni ya malori ilianza kilomita nne kabla ya mizani. Mdogo wake alikuwa amemweleza: kabini ya kijani, kwenye bampa ya mbele pameandikwa HATA KOBE HUFIKA. Lakini kabini za kijani zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Waliacha pikipiki, wakatembea, yeye upande huu na bwana afya upande wa pili, wakigonga milango. Madereva waliokuwa wakipiga mswaki kando ya matairi waliwashangaa. Wengine walifungua wakiwa na usingizi. Mmoja akauliza kama wanagawa kitu.

"Mzee Gia," Sista alikuwa akiuliza kila mtu. "Mzee mfupi, mcheshi."

"Jana jioni alikuwa mbele huko," mmoja akasema. "Lakini foleni ilipotembea alfajiri hakutembea. Tukampita. Tukadhani amelala."

Sista akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na viatu vya kazini, akakimbia kandokando ya matairi yanayomfika mabegani, mpaka akaiona nafasi iliyo wazi mbele ya lori moja lililosimama peke yake. Vioo vimefungwa. Pazia la nyuma ya kiti limevutwa. Maandishi kwenye bampa yalikuwa yenyewe.

Aligonga. Akagonga kwa ngumi. Akaita, "Mzee wangu, ni Sista." Kimya. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, na ulipofunguka harufu ilimjia puani, si harufu kali ya uchafu, ila ile hafifu, kama ya samaki waliosuuzwa, aliyoijua tangu chuoni. Akapanda. Akavuta pazia.

Alidhani amechelewa. Mzee alilala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, midomo ya bluu. Sista aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono, hakusikia kitu. Akaviweka shingoni. Akangoja, na hofu ikamjaa masikioni mpaka akashindwa kutofautisha mapigo ya mzee na yake mwenyewe. Kisha yakaja, membamba, ya mbiombio.

"Yupo hai," akamwambia bwana afya. "Shika mkono huu, uuminye hapa juu."

Sindano ya kwanza haikupata mshipa. Ya pili pia. Mishipa ilikuwa imelala kama uzi kwenye kitambaa kilicholowa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mkono uliomshinda, na sasa alilazimika kusimama, kuvuta pumzi, na kuanza upya. Ya tatu ilipata. Chupa wakaitundika kwenye ndoano ambayo mzee alitundikia kofia. Sista akaiminya kwa mikono miwili maji yaende upesi. Iliisha, wakafunga ya pili. Katikati ya chupa ya tatu Mzee Gia akafumbua jicho moja.

"Foleni imetembea?" akauliza, kwa sauti isiyozidi ya karatasi.

Sista akalia hapohapo, akiwa ameshika ile chupa juu.

Mzee alikaa kwenye hema siku tisa, mdogo wake siku tano. Figo za mzee zilisumbua, mpaka ikabidi apelekwe hospitali kubwa, na hakurudi tena kwenye usukani. Sista alibaki pale wiki nzima akibeba ndoo na kukoroga chumvi. Siku moja alikaa kitandani kwa mzee akaanza kuomba radhi, na mzee akamkatisha.

"Usiniombe mimi msamaha. Nilikituma kile kitabu kwa akili zangu timamu. Ila nikuambie jambo moja, mwanangu. Usiku ule ndani ya gari nilikuwa nakitazama. Nikawa nasema, labda maandishi haya yana nguvu kidogo. Mtu mzima mimi."

Sista akamnyooshea kikombe cha maji ya chumvi.

Aliporudi, kamati ilimketisha kwa saa mbili. Alisimamishwa kutoa chanjo, na shauri lake likapelekwa juu. Kilichomtisha zaidi ya hayo yote kilikuwa swali la mwenyekiti: "Tutajuaje ni wawili tu?" Alisema kweli, na kweli yake haikuwa na shahidi. Wakaamua kila msafiri aliyepigwa muhuri na mkono wake kwa miezi sita apigiwe simu aulizwe kama alikunywa dozi zote mbili, na simu hizo apige yeye, karani akisikiliza. Majina mia tatu na arobaini.

Alipewa meza kwenye chumba cha masijala, kati ya makabati ya chuma. Wengine walimtukana. Wengine walicheka. Mfanyabiashara mmoja akasema kwa ukali, "Kwa hiyo mimi nilikokwenda sikuwa na kinga?" ikamchukua robo saa kumtuliza. Wapo waliosema hawakumbuki, na kila aliyesema hakumbuki, karani aliandika. Usiku wa jana yake alikuwa ameanza kujitilia shaka hata yeye: je, kweli ni wawili?

Siku ya tatu, jina la mia na kumi na nane, alipokea mwanamke mwenye sauti ya haraka na watoto wanaopiga kelele nyuma yake. Sista akasoma maneno yake kama yalivyoandikwa kwenye karatasi: wewe ulipata kitabu kwenye kliniki yetu tarehe fulani, je, ulikunywa dozi ya kwanza na ya pili?

"Subiri," mwanamke akasema. "Wewe ndiye yule Sista mwenyewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Kwani umesahau? Ile ya kwanza niliitema nusu, ukanikalisha saa nzima, ukampigia daktari kuuliza kama ninywe nyingine. Basi lilinipita. Ukanishikia mtoto nikamalizia. Nilikuchukia siku ile."

Karani aliinua uso kutoka kwenye daftari. Sista aliziba mdomo kwa kiganja, kisha akakitoa.

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikunywa bila ubishi."

"Asante, mama. Samahani kwa usumbufu."

Akaweka alama mbele ya jina. Akanyoosha mgongo, akatafuta kwa kidole jina la mia na kumi na tisa, akaanza kubonyeza namba.